Maji ya chumvi au heparini: uflashi laini ya mgonjwa kwa kipi?

Kama uko zamu na huna muda wa kusoma yote, chukua hili. Kuflashi laini ni kusukuma maji au dawa kwenye mrija ulio ndani ya mshipa wa mgonjwa ili usizibe; kuifunga ni kuujaza na kuuacha hivyo hadi utumike tena. Kanula ya mkononi ni maji ya chumvi tu. Katheta ya mshipa mkubwa ya shingoni au kifuani, ya kupitishia dawa na dripu, nayo ni maji ya chumvi, labda mwongozo wa hospitali yako useme vingine. Katheta ya kusafishia damu ya mgonjwa wa figo hufungwa kwa heparini, au kwa sitreti, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, pale inapopatikana. Katheta ya ateri ya kitovu ya kichanga inahitaji heparini, ila kidogo mno. Laini ya ateri ya ICU (wodi ya mahututi) ndiyo pekee yenye ubishi wa kweli, na nitausema upande wangu huko mbele.

Nimeanza na jibu kwa sababu suala hili wodini huendeshwa na mazoea. Aliyefundishwa na sista wa zamani kwamba laini bila heparini lazima izibe, ataitafuta heparini hata kwa kanula itakayotolewa kesho asubuhi. Aliyehitimu juzi ataona heparini yote ni hatari, kisha akutane na katheta ya figo na kuijaza maji matupu. Wote wawili wana nusu ya ukweli.

Kila kimoja kinafanya kazi gani

Maji ya chumvi tunayoyasema ni ya asilimia 0.9, yaani gramu 9 za chumvi kwenye lita moja ya maji. Ukali wake unakaribiana na wa damu, kwa hiyo hayapasui chembe nyekundu wala hayazinyausi. Hayazuii damu kuganda. Kazi yake ni ya msukumo: yanaiondoa damu na mabaki ya dawa ndani ya mrija, kisha yanakaa humo kuzuia damu isirudi. Msukumo ukiwa mbovu, hayana kingine cha kukusaidia.

Heparini ni dawa kamili, yenye dozi, madhara na kiuasumu chake. Inashikamana na antithrombini, protini iliyomo kwenye damu, na kuifanya iizime thrombini na faktari Xa, vichochezi vya kugandisha damu, kwa kasi kubwa, hivyo damu haigandi. Iligunduliwa mwaka 1916 kule Baltimore na Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya William Howell. Wakati huo ilitoka kwenye ini la mbwa. Siku hizi nyingi hutolewa kwenye utando wa utumbo wa nguruwe. Ikiingia mwilini kwa mshipa, nguvu yake hupungua kwa nusu ndani ya saa moja hadi moja na nusu hivi, na dawa ya kuizima ni protamini.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui vizuri: heparini haiyeyushi damu iliyokwisha kuganda. Inazuia bonge jipya lisianze, na lililopo lisiendelee kukua. Laini ikishaziba, kuimiminia heparini ni kuharibu dawa, na kulazimisha kwa bomba dogo ni kulipeleka bonge kwenye mapafu au kuipasua katheta. Dawa ya kuyeyusha ni nyingine kabisa, alteplase na jamii yake, na bei yake inajulikana.

Tena si kila laini iliyogoma imegandiwa damu. Angalia kwanza kama kibanio kimefungwa, kama mrija umekunjika chini ya plasta, kama mgonjwa amelalia bega, kama ncha imeegemea ukuta wa mshipa. Mwambie ainue mkono, ageuze shingo, akohoe. Laini nyingi zilizotangazwa kufa hufufuka hapo hapo. Nyingine zimezibwa na dawa mbili zilizogombana ndani ya mrija, na hapo heparini haina la kufanya.

Kanula ya mkononi: ubishi uliisha zamani

Miaka ya nyuma hospitali nyingi za Marekani na Ulaya zilifunga kanula kwa heparini ya yuniti 10 au 100 kwa mililita, na zoea hilo likatufikia kupitia vitabu na walimu. Mwaka 1991 watafiti wa uuguzi nchini Marekani walizijumlisha tafiti zilizokuwepo na kuona kwamba kwa kanula za mkononi maji ya chumvi yalitosha. Mwaka 1998 uchambuzi mwingine mpana ukafika pale pale: heparini ya yuniti 10 kwa mililita haikuyashinda maji ya chumvi kwenye mishipa midogo. Tangu hapo miongozo mingi imesimama upande huo.

Ukifikiri inavyoishi kanula ya kawaida, jambo hili halishangazi. Inakaa siku chache. Kinachoiua ni kuwekwa kwenye kiwiko ambapo mgonjwa anakunja mkono kila anapokula, plasta iliyolowa jasho, mshipa kuvimba kwa sababu ya dawa kali, au dawa ya saa kumi na mbili jioni iliyosukumwa bila maji ya kuifuata. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotibiwa na heparini.

Mkono unaosukuma

Hapa nitakaa kidogo, maana naamini tofauti kubwa ya laini inayodumu na inayokufa iko mikononi kuliko kwenye kichupa.

Kabla ya yote, sugua mdomo wa laini kwa pamba ya spiriti na uache ukauke. Si kupapasa mara moja ukaendelea. Kisha chukua bomba la mililita 10, toa hewa yote, vuta kidogo uone damu inarudi (kwa katheta za mshipa mkubwa hili ni lazima), halafu sukuma kwa vituo: mililita moja, tulia kitambo, mililita nyingine, tulia. Vituo hivyo hufanya maji yazungukezunguke ndani ya mrija na kukwangua kuta zake. Ukisukuma kwa mkondo mmoja wa taratibu, maji hupita katikati na kuacha utando wa damu pembeni, na huo ndio mbegu ya bonge la kesho.

Mwisho wa bomba una siri yake. Usimalize hadi tone la mwisho. Mpira wa bomba ukigonga chini hujikunja, na unapoachia kidole hurudi nyuma kidogo na kuvuta damu kwenye ncha ya katheta. Acha nusu mililita, na wakati bado unasukuma, funga kibanio. Ndipo utoe bomba. Laini zenye kifuniko kisichotumia sindano hutofautiana: nyingine zinataka kibanio kifungwe kabla ya kutoa bomba, nyingine baada. Soma karatasi ya kifuniko mnachotumia, ipo ndani ya boksi.

Kwa nini bomba la mililita 10 na si la 2? Bomba jembamba linatoa shinikizo kubwa zaidi kwa nguvu ile ile ya kidole gumba. Kwenye katheta laini ndefu ya mkononi inayofika karibu na moyo, ile PICC, shinikizo hilo linaweza kuipasua.

Kiasi: angalau mara mbili ya ujazo wa katheta pamoja na viungio vyake. Kwa mtu mzima mililita 5 zinatosha kanula ya mkononi, mililita 10 kwa katheta ya mshipa mkubwa, na mililita 10 hadi 20 baada ya kuchukua damu au kutia damu. Fanya kabla ya dawa, baada ya dawa, na kati ya dawa na dawa. Kwa laini iliyolala tu, fuata ratiba ya wodi yako.

Ndugu wa mgonjwa hawakosi kuuliza. "Sista, hayo maji ya nini tena, si dawa ameshapata?" Jibu la dakika moja linasaidia sana: "Dada, nasafisha njia, dawa yote iingie na damu isigandie humu. Ukiona hapa pamevimba au analalamika panauma, niite hata kama ni usiku." Mama aliyeelezwa hivyo atakuwa wa kwanza kukuambia kanula imehama, kabla dawa haijamwagika nje ya mshipa.

Sasa, maji ya chumvi nayo yana mahali ambapo hayafai. Amfoterisini B, dawa ya homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi tunayoiona sana kwa wagonjwa wenye VVU, haipatani na maji ya chumvi. Ikikutana nayo hufanya chengachenga. Laini hiyo husafishwa kwa dekstrozi ya asilimia 5, kabla na baada. Fenitoini ni kinyume chake: inataka maji ya chumvi, na dekstrozi ndiyo inayoiharibu. Seftriaksoni haitaki kukutana na kalisiamu, kwa hiyo kama dripu iliyokuwa inapita ni Ringa Lakteti, ambayo ina kalisiamu, safisha kwa maji ya chumvi kwanza. Kwa kichanga mchanganyiko huo ni mwiko kabisa.

Heparini kwa upande wake hugombana na jentamaisini, amikasini, vankomaisini na diazepamu, na orodha haiishii hapo. Ndiyo maana hata pale laini inapofungwa kwa heparini, maji ya chumvi hayakwepeki: unasukuma maji, unatoa dawa, unasukuma maji tena, ndipo heparini inafuata. Anayechagua heparini anachagua vyote viwili, na muuguzi anaongezewa hatua moja zaidi ya kukosea.

Katheta ya mshipa mkubwa na poti

Hapa ushahidi hauna sauti moja kama kwenye kanula, ingawa unaelekea upande huo huo. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2012 kwa wagonjwa wa ICU uliona njia zilizoziba ni asilimia 3.8 kwa heparini na 6.3 kwa maji ya chumvi. Kwa macho unaweza kusema heparini imeshinda. Kitakwimu tofauti hiyo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, uliojumlisha tafiti za watu wazima umekuta kwamba huenda heparini inapunguza kidogo kuziba, lakini uhakika wa ushahidi ni mdogo, na katika muda ambao katheta inadumu hakuna tofauti ya maana.

Kwa poti, kile kikopo kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua kwa wagonjwa wa saratani, kuna utafiti mzuri wa Leuven, Ubelgiji, wa mwaka 2013. Wagonjwa 802 waligawanywa makundi mawili. Poti kugoma kutoa damu ilitokea kwenye asilimia 3.70 ya matumizi kwa kundi la maji ya chumvi na 3.92 kwa kundi la heparini. Yaani ni ngoma droo. Hata hivyo utakuta watengenezaji wengi wa poti wameandika heparini ya yuniti 100 kwa mililita kwenye maelekezo yao, na kitengo cha saratani kikaona bora kuyafuata. Sina ugomvi nao, mradi heparini ije ikiwa imeshapimwa kiwandani na isichanganywe mezani.

Hesabu ya saa nane usiku

Sababu yangu kubwa ya kuegemea maji ya chumvi ndiyo hii. Kwenye nchi tajiri heparini ya kuflashia huja kwenye bomba lililojazwa tayari, yuniti 10 au 100 kwa mililita. Kwetu vichupa vinavyoonekana zaidi ni vya mililita 5 vyenye yuniti 5,000 kwa kila mililita, ambavyo vimetengenezwa kwa ajili ya kutibu. Anayetaka ya kuflashia anachanganya mwenyewe.

Tufanye hesabu pamoja. Unataka yuniti 10 kwa mililita. Unachukua mililita 1 ya kichupa, yuniti 5,000, unaiweka kwenye mfuko wa mililita 500. Hapo sawa. Ukitaka yuniti 100, mililita hiyo hiyo inaingia kwenye mililita 50. Sasa ni saa nane usiku, wagonjwa arobaini, taa ya meza ya dawa imefifia. Umesoma "5,000" ukadhani ndiyo jumla ya kichupa chote. Ukamimina mililita zote 5 kwenye mfuko wa 500. Umeweka yuniti 25,000, na kila mililita sasa ina karibu 50, mara tano ya ulichokusudia. Mfuko unaonekana ni maji tu. Hauna rangi wala harufu ya kukushtua. Kama hakuna lebo, wa zamu ya asubuhi ataukuta na kuutumia kama maji ya kawaida, pengine hata kuyeyushia dawa za watoto.

Haya si mambo ya kufikirika. Mwaka 2006 kwenye hospitali moja ya Indianapolis, Marekani, vichanga sita walipewa heparini ya yuniti 10,000 kwa mililita badala ya 10, na watatu wakafa. Vichupa vilifanana, vyote vikiwa na lebo za buluu. Mwaka uliofuata kosa lile lile likawapata mapacha wachanga wa mwigizaji Dennis Quaid huko Los Angeles, hao walipona. Hizi ni hospitali zenye famasia yake na kompyuta zake. Uingereza mwaka 2008 mamlaka ya usalama wa wagonjwa ilitoa tahadhari juu ya heparini ya kuflashia na kuzitaka hospitali zipunguze matumizi yake.

Na hapo hatujagusa vijidudu. Mfuko wa mililita 500 unaotundikwa kwenye toroli, sindano ikiachwa imechomekwa kwenye mpira wake ili kila mmoja avute, ni bwawa la kunywea wodi nzima. Hili ni kosa kwa heparini na kwa maji ya chumvi pia, na nadhani ndiyo tabia mbaya kuliko zote nilizotaja. Ampuli ndogo za mililita 10, moja kwa mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja, ndizo za kupigania kwenye bajeti. Zikikosekana, fungua mfuko mdogo wa mililita 100 kwa mgonjwa mmoja, andika jina lake na saa uliyoufungua, vuta kwa sindano mpya kila mara, na kinachobaki kimwagwe mwisho wa zamu.

Dozi ndogo nayo ni dozi

Wapo watakaosema yuniti 50 za kuflashia si kitu. Kwa mtu mzima, upande wa kutoka damu, ni kweli. Tatizo ni lile jingine: kwa watu wachache mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya heparini iliyoungana na protini ya plateleti (chembe za kugandisha damu), na plateleti zinaanza kushuka, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 10. Aliyewahi kupata heparini ndani ya miezi mitatu iliyopita anaweza kushuka siku ile ile. La ajabu ni kwamba mgonjwa huyu anazidi kugandisha damu, licha ya plateleti kuwa chache: mguu unavimba, au kidole kinageuka cheusi. Kinachoianzisha kinaweza kuwa hata heparini ya kufungia laini, ambayo haikuandikwa popote kwenye faili.

Kipimo maalumu cha kingamwili hizo hakipo hospitali nyingi, lakini hesabu ya plateleti ipo kila mahali penye mashine ya damu. Zikishuka kwa nusu au zaidi kutoka zilipokuwa, uliza kama kuna heparini inaingia mahali popote. Popote ni pamoja na laini. Ikishukiwa, heparini yote inasimamishwa, ya matibabu na ya kuflashia, na faili linaandikwa kwa wino unaoonekana.

Kuna pia udanganyifu wa maabara. Damu ya kupima kuganda, APTT hasa, ikivutwa kwenye laini yenye heparini, majibu yanarudi marefu kupita kiasi na daktari anaanza kutibu ugonjwa usiokuwepo. Vuta kwingine, au usafishe laini vizuri na kumwaga damu ya kwanza.

Halafu lile swali la utumbo wa nguruwe. Kwa wagonjwa wa Zanzibar, Mombasa, Pwani yote na hata Oman, wapo wanaotaka kujua. Wanavyuoni wengi huruhusu kwa dharura pale pasipo na mbadala, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa ukweli ili aamue au amuulize shehe wake. Lakini dharura inakuwa vigumu kuitetea kwenye kanula ya mkononi, ambako mbadala ni maji na chumvi.

Vichanga

Hapa lazima hesabu ifanywe kwa kilo, na vyote viwili vinabadilika sura. Kichanga wa kilo 1 aliyeflashiwa mililita 1 ya heparini ya yuniti 100 amepata yuniti 100 kwa kilo. Hiyo ni dozi nzima ya kutibia, imeingia kwa jina la kusafisha njia. Kwa hiyo yuniti 100 kwa mililita haipaswi hata kukaa kwenye kabati la wodi ya vichanga.

Maji ya chumvi nayo si bure kwao. Kila mililita ina sodiamu karibu milimoli 0.15. Flashi kumi za mililita moja kwa siku ni milimoli 1.5, na mahitaji ya kawaida ni milimoli 2 hadi 4 kwa kilo. Kwa kichanga wa kilo 1, karibu nusu ya chumvi ya siku imeingia bila kuandikwa kwenye chati. Tumia nusu mililita inapotosha, na uandike.

Jambo la kuangalia kwenye lebo: maji ya kichupa cha kutumia mara nyingi yanaweza kuwa na pombe ya benzili ya kuzuia vijidudu, na vichupa vingi vya heparini pia. Mwaka 1982 Marekani ilitoa onyo baada ya watoto njiti kufa kwa sumu ya kihifadhi hicho, wengine wakiwa wameflashiwa tu laini zao. Kwa kichanga ni maji yasiyo na kihifadhi, basi.

Mahali heparini inaposhinda kwao ni katheta ya ateri ya kitovu. Yuniti 0.25 hadi 1 kwa kila mililita ya maji yanayopita hupunguza kuziba, na ushahidi wake ni mzuri. Ichanganywe na mtu mmoja, ikaguliwe na wa pili, kwa hesabu mbili zilizofanywa mbalimbali.

Laini ya ateri

Mfuko wa mililita 500 ndani ya mfuko wa presha uliopandishwa hadi 300 mmHg, ukipitisha karibu mililita 3 kwa saa. Utafiti mkubwa wa wauguzi wa ICU Marekani uliochapishwa 1993, wenye wagonjwa zaidi ya 5,000, ulionyesha laini zenye heparini zilibaki wazi zaidi. Tafiti ndogo zilizofuata hazikukubaliana, na ICU nyingi zimehamia maji ya chumvi matupu. Mimi niko na hao waliohama, kwa mgonjwa wa kawaida wa siku tatu nne. Laini nyingi zinazoziba nimeona tatizo ni presha ya mfuko iliyoshuka hadi 150 bila mtu kuangalia, na damu ikapanda kwenye mrija. Angalieni geji kila saa mnapoandika presha ya mgonjwa.

Kitu kimoja hapa hakina mjadala: mfuko huo usiwe wa dekstrozi. Sampuli ya damu itakayovutwa itachanganyika na sukari, glukomita itasoma milimoli 25 kwa lita, mgonjwa atapewa insulini na sukari yake ya kweli itaporomoka. Watu wamekufa hivyo.

Katheta ya kusafishia damu

Huku heparini ndiyo mwenye nyumba. Njia zake ni pana, mgonjwa anarudi baada ya siku mbili au tatu, na katheta ikiziba amekosa njia ya kuishi. Baada ya kusafishwa damu, kila njia inasukumwa maji ya chumvi kwa nguvu ya vituo, kisha inajazwa heparini ya yuniti 1,000 hadi 5,000 kwa mililita, kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye kibanio chake, mfano 1.8 au 1.9. Usizidishe "ili ijae vizuri", maana kinachozidi kinaingia kwenye damu. Hata kisichozidi huvuja kidogo nchani, na ndiyo sababu vitengo vingi vimeshuka hadi yuniti 1,000. Sitreti ya asilimia 4 inafanya kazi hiyo bila matatizo ya plateleti, ikipatikana.

Hatari iko wodini, usiku, mgonjwa wa figo ameletwa na hana mshipa mkononi. Mtu anaona mirija miwili minono kifuani anafurahi, anachomeka bomba la maji na kusukuma. Njia mbili za mililita 1.8 zenye yuniti 5,000 kwa mililita zinabeba yuniti 18,000. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni yuniti 300 kwa kilo, wakati dozi ya kuanzia kutibu bonge la mapafu ni karibu 80.

Kwa hiyo katheta hiyo isiguswe bila ruhusa ya kitengo cha figo. Wakiruhusu, vua kifuniko kwa usafi, vuta mililita 5 kila njia, mwaga, ndipo uflashi kwa maji ya chumvi. Ikigoma kuvutika usisukume, wapigie. Ukimaliza, ifungwe upya kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibanio, na ubandike plasta juu yake: HEPARINI, yuniti ngapi kwa mililita, tarehe, saa, na jina la aliyefunga.